Zamu Isiyogoma

Kiti kilikuwa na joto.

Hayet alikuwa amepanda mnara wa uwanja wa ndege kuchukua birika la chai tu. Alishika mgongo wa kiti ili apite, akauondoa mkono haraka. Ilikuwa siku ya pili ya mgomo. Tangu jana adhuhuri hakuna mwongoza ndege aliyeketi pale, na mapazia yalikuwa yameshushwa, jua halikuingia. Palinuka chumvi mbichi, kama ziwa la chumvi linavyonuka baada ya mvua, na mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi wa pili.

Akashuka. Chini, kivulini, mwenzake Mongi alikuwa akipaka harisa, pilipili ya kusaga, kwenye mkate.

"Ulipanda juu asubuhi?"

"Mimi? Dada, nimegoma hata kupanda ngazi."

Wakacheka. Walihitaji kucheka. Walikuwa watano wakifanya kazi ya watu kumi na wawili, na wiki iliyopita mwenzao alizirai mbele ya kipaza sauti, ndege mbili zikiwa angani. Wizara haikujibu barua yao. Huenda nayo ilikuwa na barua nyingi.

Saa nane ikaja simu. Mabrouka, mdogo wake Hayet, alikuwa amejifungua na damu haikomi. Ndege ya wagonjwa ilikwisha kuruka kutoka Tunis kumfuata. Mgomo haukuzigusa ndege za wagonjwa, chama kilisema hivyo tangu mwanzo. Gari la wagonjwa likamleta Mabrouka hadi kwenye maegesho ya ndege. Hayet akapanda ngazi mbili mbili, Mongi nyuma yake, na nyuma ya Mongi akihema Si Lazhar, yaani Bwana Lazhar, mkuu wao, mwenye miaka thelathini ya kazi hiyo.

Walipofungua mlango, rubani alikuwa akizungumza redioni.

"Nimeelewa, mnara. Naendelea kuzunguka."

"Anamjibu nani?" Hayet alinong'ona.

Sauti nyingine ikatoka kwenye spika, ya kiume, tulivu, sauti ambayo kila mwongoza ndege angetamani kuwa nayo. "Asante. Zunguka mpaka nikuite."

Hayet akanyakua kipaza sauti. "Rubani, hapa mnara! Njia iko wazi, shuka!"

Rubani hakumsikia.

Si Lazhar akageuka taratibu. "Mongi. Jana zamu ya mwisho ilikuwa yako. Ulimkabidhi nani?"

Katika kazi hii mtu havui hedifoni mpaka mwenzake aketi, amtajie hali ya hewa na ndege zilizopo, na mwenzake huyo aseme, "Nimepokea." Ndipo anainuka.

"Hapakuwa na mtu, Si Lazhar." Mongi aliongea kama anayeungama. "Miaka kumi na miwili sijawahi kuinuka bila kukabidhi. Niliona aibu. Basi nikakikabidhi kiti zamu yangu. Mzaha tu. Nikasema, nafasi ni yako mpaka mgomo uishe."

"Ulitaja jina la Mungu?"

"Hapana."

"Na ukajibiwa?"

Mongi alitazama sakafu. "Nilidhani ni redio."

Si Lazhar hakumgombeza. Nani asiyewahi kuongea na chumba kitupu? Akafungua viganja, akasoma Ayatul Kursiyyi, akafunga kwa dua. Sauti ilinyamaza kwa adabu mpaka akamaliza.

"Amina," spika ikasema.

Hayet akapiga magoti kando ya kiti, akaongea polepole kama anayembembeleza mtoto. "Bwana, tafadhali. Naomba nipokee zamu."

"Zamu yangu haijaisha, dada. Mgomo umeisha?"

"Umeisha! Mimi nasema umeisha!"

"Una idhini ya chama?"

Si Lazhar alikuwa tayari kwenye simu na ofisi ya chama huko Tunis. Wakamwambia kamati inakaa Alhamisi, mzee wetu, Alhamisi inshallah.

"Basi," ilisema sauti, bila kejeli. "Mimi sigomi."

Mongi akachomoa nyaya za umeme, taa za mitambo zikazimika moja baada ya nyingine na spika ikaendelea kuongea, akaingia chini ya meza akakata hata waya wa spika yenyewe na sauti ikabaki palepale hewani, juu kidogo ya kiti, huku Hayet akikimbilia dirishani, akivuta pazia na kushika taa ya ishara, ile inayotumika redio zinapokufa, akamulika kijani, kijani, kijani, kuelekea kile kidoa kilichozunguka ndani ya vumbi la manjano, na kila mara mwanga ukawa wa kijani mkononi mwake na mwekundu upande wa pili wa kioo, na rubani, mtu mtiifu aliyefunzwa vizuri, akauona mwekundu, akashukuru, akazunguka tena.

Mzunguko wa tisa sauti ya rubani nayo ilitoka palepale hewani: mafuta hayamtoshi, anarudi Tunis.

"Safari njema," sauti ilimwambia.

Hayet akampigia simu dereva wa gari la wagonjwa. "Ridha, usingoje tena. Shika barabara ya Sfax, mpeleke hospitali ya huko."

"Saa tatu hizo, dada. Amekuwa mweupe kama…"

"Ondoka!"

Injini ikawaka. "Mabrouka anauliza kama uko huko juu."

"Mwambie nipo. Mwambie namwona."

Gari likaanza kutembea. Wote watatu walisimama dirishani, wakilisukuma kwa macho. Harufu ya chumvi ikazidi mpaka ikawasha koo. Nyuma yao kiti kikalia, kama kinavyolia mtu anapoinama mbele ili aone vizuri zaidi, na Hayet akakumbuka kwamba kila kinachotembea kwenye lami ile, chenye mabawa au chenye magurudumu, huutii mnara.

"Gari la wagonjwa," sauti ilisema kwa upole. "Simama hapo ulipo. Subiri nikuite."

Kule chini, taa za breki zikawaka.