Matete Yaliyokatwa Chini ya Maji

Asubuhi sebuleni kwetu hakuna pa kukanyaga. Mume wangu anapasua matete. Mimi nasuka mikeka. Mama mkwe anakaa mlangoni akilaumu kila kitu, kuanzia uzi hadi chai. Kazi hiyo ndiyo inayotulisha.

Siku moja tulikwenda bwawani kukata matete. Tulikuta uzio mpya na kufuli kubwa. Kibao kilisema: HIFADHI YA NDEGE. KUKATA MATETE NI MARUFUKU.

Damu ilinichemka. Hakuna aliyetuita, hakuna aliyetuuliza.

"Ndege wana haki ya kulala, watoto wetu hawana haki ya kula?" nilimwuliza mlinzi wa geti.

"Mimi nimepewa kufuli tu, dada. Mengine waulize ofisini."

Nilikwenda hivyo hivyo, panga mkononi. Wala sikubisha hodi. Ndani nilimkuta mama mfupi, buti zimejaa tope. Kazi yake ni kuhesabu ndege. Wenzake humwita Bi Darubini.

"Weka panga chini, ukae," alisema.

"Sikai! Mmetufungia riziki kwa sababu ya ndege!"

"Kasirika, una haki. Kufunga bila kuwauliza ni kosa letu. Lakini hata mimi nina hasira. Njoo uone."

Alinipeleka mahali tulipokata mwaka jana. Palikuwa patupu. Hakuna tete, hakuna kiota. Alizamisha mkono majini, akang'oa kisiki. Kilikuwa kimeoza, kinanuka.

"Hapa mlikata shina sehemu gani?"

"Chini kabisa, ndani ya maji. Huko tete ni jeupe. Wateja wanapenda mkeka wenye pindo jeupe."

"Basi sikiliza. Tete hupumua kwa shina. Kisiki kikibaki juu ya maji, hewa inafika kwenye mizizi, na tete linachipua. Ukikata chini ya maji, mizizi inakosa hewa, inakufa. Hapa hamkuvuna, mmeua."

Miaka mitatu tulilalamika kwamba matete yanapungua. Tulilaumu mvua, na sasa tukailaumu hifadhi. Kumbe ni mapanga yetu! Niliona aibu, na aibu ikanizidishia hasira.

"Mbona hamkutuambia? Miaka yote hiyo mnatutazama kwa darubini tu!"

"Njoo na wenzako, mkamwambie mkuu wetu hivyo hivyo," alisema.

Wiki hiyo wasukaji wote tulijaa ofisini. Tulibishana na mkuu wa hifadhi mpaka sauti zikakauka. Mwisho tulikubaliana. Tutakata matete baada ya makinda kuondoka kwenye viota. Tutakata kiganja kimoja juu ya maji. Kila mwaka tutakata upande mmoja wa bwawa na kuuacha mwingine. Palipokufa tutapanda upya wenyewe. Ufunguo mmoja wa geti tukapewa sisi, na wenzangu wakanikabidhi mimi.

Wateja walinung'unika kwa kukosa pindo jeupe. Mama mkwe aliwajibu, "Kwani mnalalia mkeka au mnalalia pindo?"

Mwaka uliofuata matete yalinipita kichwa. Ndege walikuwa wengi hadi Bi Darubini alirudia kuhesabu.

Siku ya kukata, nilimwona shemeji yangu ameinama, mkono umezama majini hadi kwenye kiwiko.

"Shemeji! Inua panga hilo!"

"Tete moja tu, shemeji. La pindo."

"Hilo hilo moja ndilo lililotuletea kufuli!"

Nilimnyang'anya panga mbele ya watu wote. Nikamtoa nje, nikafunga geti kwa ufunguo wangu mwenyewe.