Ua Nililomwachia Mtoto wa Kaburini

Saa nane usiku nilisikia mdomo unanyonya, ile sauti ya mtoto aliyeshika ziwa vizuri, nikatabasamu usingizini, maana Tavaun wangu wa miezi minane alikuwa amekataa kunyonya tangu asubuhi. Nikapapasa. Tavaun alikuwa upande wa ukuta, amenipa mgongo, amelala fofofo. Ziwa langu la kulia lilikuwa limelowa, la baridi.

Nilinyamaza wiki nzima. Kila nikiamka maziwa yameisha, mtoto analia njaa, chumba kinanuka udongo mbichi na mvua haijanyesha. Kliniki walimpima, amepungua kilo nzima. Mama mkwe wangu, Bi Ivorine, alimtazama mbavu, akaniuliza nimefanya nini.

Nikamweleza. Shangazi wa mume wangu, yule wa Uingereza, alitaka majina ya ukoo, nami nikaingia kwenye tovuti ambako watu wa kujitolea huweka picha za makaburi ya huku kwetu kisiwani, wilaya ya Trelawny. Nikamkuta mtoto wa kike wa ukoo wetu, miezi kumi na moja, 1931, mzazi hakuandikwa. Chini ya picha kuna mahali pa kumwachia marehemu ua na maneno. Nilimwonea huruma. Nikabonyeza ua, nikaandika: Njoo nyumbani, mwanangu. Mama yupo.

Bi Ivorine aliketi.

"Keresha, usiku ukiitwa nje, unaitika?"

"Hapana, mama. Mpaka niitwe mara tatu."

"Unajua. Halafu maiti unamkaribisha kwa maandishi?"

Nikasema nilidhani simu si kaburi.

"Na ukajiita mama. Si ungejiita shangazi, aje anywe uji aondoke?"

Akamleta Mama Pinnock wa kanisani kwao, yule mwombezi wa kufukuza mizimu anayechomeka penseli kwenye kilemba. Aliunusa mto wangu, akaniamuru nifute yale maneno mbele yake, nisimtaje tena yule mtoto kwa jina, kisha nimpeleke Tavaun kaburini tumpitishe juu yake mara tatu, kama tunavyowapitisha watoto juu ya jeneza ili marehemu asiwashike. Mara ya tatu mimi mwenyewe niseme, mimi si mama yako. Nisiposema, alisema, mmoja kati ya hao watoto atakufa njaa, na mmoja ameshakufa.

Tulikwenda Jumamosi, jua la saa sita, majani yamefika kifuani, nimeshika simu yenye ile picha nalinganisha jiwe kwa jiwe mpaka nikaliona, dogo kama mkate. Bi Ivorine akasimama upande ule, mimi huku. Tavaun akapita mara ya kwanza akilia, mara ya pili kimya, na mara ya tatu nilipompokea alikuwa mzito, mzito wa watoto wawili, na maziwa ya kulia yakaanza kutoka yenyewe, yakalowesha blauzi yakadondoka juu ya jiwe na jiwe likayanywa, halikubaki hata doa, na nikasikia vidole vidogo vya baridi vikinishika nguo kifuani, wakati mikono yote miwili ya mwanangu naiona iko shingoni mwangu, na nikafungua mdomo niseme yale maneno, nikawaza, nikimfukuza huyu na hana pengine pa kwenda, si atamshika aliye karibu?

Nikainama. Nikanong'ona, "Ziwa la kushoto la Tavaun. La kulia lako. Ukimgusa, sikupi tena."

Vidole vikalegea.

"Umesema?" Bi Ivorine akauliza.

"Nimesema, mama."

Akanishika mkono tukaondoka bila kugeuka nyuma. Wiki ile ile Tavaun akanyonya, akanenepa, na Bi Ivorine akamsifu Mama Pinnock mbele ya kanisa zima mpaka wakapiga vigelegele.

Tavaun ana miaka mitatu sasa. Anakula shelisheli na samaki kama mtu mzima, kunyonya alishasahau. Ziwa la kushoto limekauka kitambo. Mume wangu ananiuliza kwa nini nalalia upande mmoja tu, namjibu nimezoea.

Wewe nimekwambia kwa sababu kifua kilikuwa kinapasuka. Jana nilipoanza kukuandikia, yule wa kulia alining'ata, meno yameanza kuota, nadhani alijua. Basi. Nimemwahidi, simwambii mtu mwingine.