Punje ya Akamwani

Stendi ya Bukoba ilikuwa imefurika siku Byabato alipoinama kwenye kibanda cha Alistidia, muuza nyimbo. Jua kali, naye kavaa shati la samawati la mikono mirefu!

"Dada, nijazie flashi. Nyimbo za kupigia pedali, za nusu saa."

"Kwani unashindana na nani?"

"Baiskeli yangu haifiki popote, dada."

Alistidia alicheka hadi kilemba kikamlegea. Mwanamume akikuchekesha siku ya kwanza, jihadhari! Wiki ya tatu simu ya Byabato kutoka kwao Muleba ilikuwa ikiita kabla hajafungua kibanda.

"Umeamkaje, ua langu?"

"Ua lako linanyauka, njoo!"

Ila kila Jumanne na Ijumaa simu ilikuwa kimya asubuhi nzima. "Ni kazi, mpenzi," alisema Byabato, na Alistidia akaamini.

Kisha Alistidia akampeleka kwao Nyanga, kwa mama yake, Anatolia. Mama alipika ebitoke, ndizi za Kihaya, kwa maharage, akatanguliza kikapu cha akamwani, kahawa ya kutafuna. Mgeni wa Kihaya hakatai akamwani hata kama ametoka kung'olewa meno. Byabato alikataa. Hata ndizi hakuzigusa.

"Samahani, mama. Sitaweza."

Alipoondoka, mama alitikisa kichwa. "Mwanangu, aliyekataa akamwani amekukataa wewe."

Loo, aibu! Alistidia alilia, akaifungia namba ya Byabato.

Mwezi ukapita. Alhamisi moja mzee mmoja, Karugendo, akaja kibandani na flashi ileile.

"Binti, imeharibika. Turudishie nyimbo za Byabato. Sisi wagonjwa wa figo tunazipigia pedali za baiskeli ya kitandani tukiwa kwenye mashine ya kusafisha damu, Jumanne na Ijumaa. Saa nne zile zinapungua urefu. Ila mwenzetu ameacha pedali, anautazama ukuta tu."

"Byabato? Figo?"

"Hukujua? Ndizi na kahawa tumekatazwa. Mhaya bila ndizi, waitu!"

Alistidia alipita kwa mama yake jioni ile. Ijumaa asubuhi alikuwa hospitali, kavaa gauni lake la maua. Byabato alilala mkono wazi, makovu ya sindano yamepangana pale shati lilipokuwa likifunika.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kila mahali mimi ni mgonjwa, Ali. Kwako tu nilikuwa mpenzi. Niliogopa kupapoteza."

"Mjinga wewe! Nimekulilia mwezi mzima!" Akamwekea punje moja ya kahawa kiganjani. "Imetoka kwa mama. Amesema mkwe wake asitafune, ashike tu."

Byabato alifumba kiganja, machozi yakamtoka. "Uzima wangu uko kwenye mashine hii. Utakubali nikuoe hivihivi?"

"Piga pedali kwanza. Nimekuletea za nusu saa. Jibu nitakupa wimbo wa mwisho ukiisha."

Muuguzi alimpima presha, akaitikia kwa kichwa, akawasha spika. Miguu ikaanza, taratibu, kisha ikashika mdundo.

Alistidia alishindwa kusubiri. Wimbo wa pili haujaisha, alikuwa ameshasema ndiyo.