Karanga za Lundo Moja

Jumamosi pale Nkololo ni siku ya kusaga. Kuanzia asubuhi, akina mama wa kikundi cha unga wa lishe wanafika kwenye mashine. Mahindi na mchele wananunua kwa pamoja. Karanga kila mmoja analeta za shambani kwake.

Zamani walikuwa na desturi moja. Hakuna aliyemwaga karanga zake peke yake. Walitandika turubai chini, wakasimama kulizunguka, kisha wote wakamwaga kwa mara moja. Lundo moja! Vigelegele! Nani ameleta nyingi, nani ameleta kidogo, hakuna aliyeuliza. Walifanya hivyo ili asiaibike mtu ambaye shamba lake halikuzaa. Ilikuwa desturi ya upendo, na mimi siisemi vibaya. Lakini ngoja uone ilivyowatesa.

Jumamosi moja Felisita alimkuta Mayu Ng'washi njiani. Ng'washi ndiye mkubwa kuliko wote kikundini, ndiyo maana kila mtu anamwita Mayu, yaani mama.

"Mwangaluka, Mayu," Felisita alisema, akapiga goti kidogo.

"Mwangaluka, mwanangu. Mumeo Nyanda hajambo?"

"Hajambo, yuko na ng'ombe wake. Lete huo mzigo nikupokee. Mikono yako inaendeleaje?"

"Aa, vidole vimevimba. Viungo vinaniuma hadi kushika kijiko ni kazi."

"Na karanga zote hizi umemenya mwenyewe?"

Ng'washi alicheka. "Nimemenya. Mzee ana ujanja wake."

Walifika, wakamwaga na wenzao, wakachambua huku wakipiga soga. Soga zilikuwa nyingi kuliko kuchambua, tuseme ukweli. Kisha karanga zikakaangwa kidogo, zikachanganywa, zikasagwa. Unga ukatiwa kwenye pakiti, ukapelekwa madukani Bariadi.

Siku chache baadaye pikipiki ilisimama mbele ya mashine. Akashuka Abdulrazak, mwenye duka mjini. Nyuma ya pikipiki palikuwa na maboksi ya unga wao.

"Mama mwenyekiti, kuna tatizo," alimwambia Mama Gloria. "Unga wenu ni mchungu. Kuna mama amemkorogea mwanawe uji, mtoto akatapika. Wamempeleka zahanati."

"Mungu wangu! Yukoje?"

"Hajambo sasa, Alhamdulillahi. Lakini niambieni, pakiti zipi ni mbovu?"

Wanawake walitazamana.

"Hatujui," alisema Mama Gloria.

"Karanga mbovu zilitoka kwa nani?"

"Hatujui."

"Zilisagwa siku gani?"

"Baba, tunasaga kila Jumamosi. Unga wote unafanana."

Abdulrazak alitikisa kichwa. "Basi siwezi kuuza hata pakiti moja. Na maduka mengine waambieni warudishe."

Unga wote ukarudishwa, mzuri na mbaya. Mmoja akasema unga wapewe kuku. Wenzake wakaogopa. Walichimba shimo, wakaufukia wote. Kazi ya msimu mzima ikaingia ardhini, na wengine walilia pale pale.

Watu wakiumia hutafuta wa kumlaumu. Mama Gloria alifuta machozi, akamgeukia Felisita.

"Paa la nyumba ya Felisita linavuja tangu masika. Nani hapa asiyejua?"

Felisita alishtuka. "Linavuja, sikatai. Lakini karanga nilizihamishia kwa shemeji kabla ya mvua!"

"Nani aliziona?"

"Shemeji aliziona!"

"Shemeji yako atakutetea tu. Jumamosi ijayo tutakaa. Aliyetuharibia atoke kikundini."

Hakuna aliyemtetea. Hata Mayu Ng'washi aliinamisha kichwa.

Maneno yana miguu, ndugu msomaji. Kabla ya Jumatatu yalishafika kisimani. Felisita alipoinama kuteka maji, wanawake wawili walinyamaza ghafla. Mmoja akavuta ndoo yake kando. Felisita alijaza ndoo yake, akarudi nyumbani.

Mumewe, Nyanda, alikuwa anafunga zizi. "Achana nao," alisema. "Kikundi si kanisa."

"Nikiondoka watasema nimekiri."

"Wakisema?"

"Wewe watakuita Nyanda. Mimi wataniita yule wa sumu, hadi watoto wetu waoe na waolewe. Siondoki mpaka ijulikane karanga zilikuwa za nani."

"Utajuaje, na zilimwagwa lundo moja?"

Felisita aliliwaza swali hilo usiku kucha. Kesho yake alikwenda kwa Valeria, afisa kilimo wa kata. Valeria anatoka Kagera. Ana mwaka wa pili tu Nkololo, na Kisukuma chake bado kinawachekesha watoto. Alimsikiliza Felisita hadi mwisho.

"Mimi sijui kama karanga zilikuwa zako au si zako," alisema. "Wala Mama Gloria hajui. Hilo ndilo tatizo lenu. Jumamosi nitakuja."

Jumamosi alikuja kweli. Mama Gloria alianza kusema habari za kumtoa Felisita. Valeria akanyoosha mkono.

"Samahani, Mama mwenyekiti. Mkimtoa, halafu unga ukawa mchungu tena, mtamtoa nani?"

Mama Gloria akaketi.

"Kilichowapata kinaweza kuwa sumukuvu," Valeria aliendelea. "Karanga ikipata unyevu, inaota ukungu. Ukungu unatoa sumu. Sumu hiyo huwezi kuiona kwa macho, na ukikaanga au ukipika haiishi. Inaharibu ini. Watoto inawadumaza."

"Kwa hiyo mlifanya vizuri kuufukia," aliongeza. "Hata kuku ungewadhuru."

"Sasa tufanyeje?" aliuliza Mama Gloria.

"Muweze kufuatilia. Mtu akilalamikia pakiti moja, mjue ilisagwa siku gani, na karanga zilitoka nyumba zipi. Kila mmoja aweke alama kwenye gunia lake, na msimwage lundo moja."

Minong'ono ikaanza. Mama Gloria alikunja uso.

"Hapo unatuvunja, dada yangu. Tukiweka alama, kila mtu ataona nani ana gunia na nani ana kisado. Tulikataa kuaibishana."

Valeria alitazama barabarani. Kundi la ng'ombe lilikuwa linapita kwenda majini, vumbi juu.

"Wale ng'ombe ni wa nani?" aliuliza.

"Wa watu wengi," Felisita alijibu. "Wa Nyanda wamo, na wa kwa Mama Gloria wamo. Wanachungwa pamoja."

"Jioni mnawagawaje?"

Wote walicheka. Swali la mgeni hilo!

"Kila mtu ana alama yake," alisema Mayu Ng'washi. "Wengine wanachoma paja, wengine wanakata sikio."

"Na mwenye ng'ombe mmoja, anaona aibu kumtia alama?"

"Aone aibu ya nini? Huyo ndiye anayemhitaji kuliko wote! Akipotea huyo mmoja, kwisha habari."

"Na ng'ombe mmoja akiugua kundini?"

Ng'washi aliwatazama ng'ombe wakipita. Kisha akasema polepole, "Tunaangalia alama. Tunamwendea mwenyewe. Hatuchinji kundi zima."

"Sisi tumechinja kundi zima," alisema Felisita. "Tumelifukia."

Mama Gloria aliguna. Lakini alikuwa mtu wa haki akishaelewa jambo. "Haya," alisema. "Felisita abaki. Tujaribu."

Basi walianza. Kila mmoja alichana kipande cha kitenge chake, akafunga kwenye gunia lake. Felisita njano, Mama Gloria buluu, Mayu Ng'washi nyekundu. Siku ya kusaga walitumia karanga za nyumba tatu tu, hazizidi. Kabla ya kukaanga, waliweka konzi moja ya kila nyumba kwenye kopo lenye kifuniko, wakafunga kitambaa cha mwenyewe. Makopo ya siku moja yalikaa pamoja sandukuni, yote yakiwa na namba ya siku hiyo. Namba hiyo hiyo iliandikwa kwenye kila pakiti iliyosagwa siku ile. Abdulrazak naye alikubali kupanga pakiti zenye namba inayofanana sehemu moja.

Ni kazi, sikufichi. Wiki za kwanza walinung'unika sana. Soga zilipungua, kwa sababu mtu akizidisha soga anakosea kopo.

Unga ulirudi madukani. Wateja wakarudi mmoja mmoja. Mahindi yalikuwa yameanza kuchipua shambani siku simu ya Mama Gloria ilipolia.

"Mama mwenyekiti," alisema Abdulrazak. "Kuna pakiti imerudishwa. Ni chungu."

Mama Gloria alikaa chini. "Namba?"

"Saba."

Wakamwita Valeria. Wakafungua sanduku, wakatoa makopo ya namba saba. Yalikuwa matatu. La njano. La buluu. La nyekundu.

Mama Gloria alimtazama Felisita. Wote walimtazama Felisita. Alijua paa sasa limeezekwa upya. Alijua karanga zilikauka vizuri juani. Hata hivyo aliogopa. Ukishasingiziwa mara moja, hata wewe mwenyewe unaanza kujishuku.

"Anza na langu," alisema.

Valeria alifungua kopo la njano. Alitikisa. Karanga zililia kavu. Hazikuwa na harufu.

Felisita alishusha pumzi. Machozi yalimtoka, hakuyaficha.

Kopo la buluu likafunguliwa. Kavu pia. Mama Gloria naye akashusha pumzi, kwa sauti.

La nyekundu lilipofunguliwa, harufu ya uvundo ilitoka. Karanga zilikuwa zimeshikana, zimeota ukungu wa kijani.

Nani angemshuku Mayu? Bibi huyu ndiye aliyewafundisha wengi wao kupanda karanga.

"Mayu," Valeria aliuliza kwa upole, "unazimenyaje karanga zako?"

Ng'washi alitazama vidole vyake. "Vidole vinauma, mwanangu. Nanyunyiza maji kwenye maganda. Nafunika na gunia hadi asubuhi. Yakilainika, namenya bila kuumia."

"Ndiyo huo ujanja," alisema Felisita taratibu.

"Ndiyo huo. Nikijua zitakauka zenyewe."

"Kwa nje zinakauka," alisema Valeria. "Ndani unyevu unabaki, na ukungu unaanzia humo. Karanga zimenywe zikiwa kavu kabisa. Nitapeleka hizi na unga wa namba saba zikapimwe. Lakini pakiti za namba saba zitoke dukani leo hii."

"Za namba saba tu?" aliuliza Mama Gloria.

"Hizo tu. Nyingine ziuzwe."

Mama Gloria alipiga simu. Abdulrazak alitoa pakiti za namba saba kwenye rafu, biashara ikaendelea. Majibu ya vipimo yalipokuja, yalisema sumukuvu ilikuwemo. Zile pakiti zikateketezwa.

Lakini siku ile ya makopo, Mayu Ng'washi alijifunika uso na kanga. "Nitoeni mimi," alisema. "Labda hata ule unga wa kwanza niliuharibu mimi. Na mtoto wa watu akatapika. Nikakaa kimya mwenzenu akisemwa."

"Unga wa kwanza hatutajua kamwe," alisema Valeria. "Ulikuwa lundo moja."

Mama Gloria alisimama. "Felisita, nilikusema mbele za watu. Mbele za watu nakuomba msamaha."

"Ulinikosea kweli, Mama Gloria. Kisimani watu walivuta ndoo zao."

"Najua. Nitakwenda kisimani nikaseme."

"Basi nenda kesho asubuhi, wakiwa wengi. Nimekusamehe." Felisita alifuta macho, akatabasamu kidogo. "Na uji wa leo utakoroga wewe."

Watu walicheka. Ng'washi peke yake hakucheka. Felisita alichuchumaa mbele yake.

"Mayu, usitoke. Jumamosi lete karanga na maganda yake, zikiwa kavu. Tutakumenyea hapa."

"Mimi ndiye niliyekuponza, mwanangu."

"Wewe una vidole vibovu. Sisi tunavyo vizima, na tulikuwa hatujui ulivyokuwa unamenya. Tungejuaje?"

"Wabeja," alisema Ng'washi. Asante.

Jumamosi iliyofuata alikuja na gunia lake, kitambaa chekundu kikiwa shingoni mwa gunia. Wanawake walitandika turubai, wakalizunguka. Ta, ta, ta, maganda yakapasuka. Kisha mwingine akasema na zake bado hazijamenywa, na mwingine. Siku hizi wote wanaleta karanga na maganda, wanamenyeana, wanapiga soga zao kama zamani.

Karanga zilizomenywa za kila mmoja zinarudi kwenye gunia lake. Maganda tu ndiyo wanayamwaga lundo moja, na vigelegele juu.