Mchumba wa Kiti Kitupu

Kiti kilikuwa na joto. Mshonaji alikiwekea kiganja kwa mzaha tu, akakiondoa upesi na kujifuta kwenye gauni, kana kwamba amegusa kitu cha mtu.

"Nani alikuwa amekaa hapa?"

Mlinzi aliyekuwa akiwatembeza studio alisema hakuna. Ghala lile la mapambo ya filamu lina kufuli moja na ufunguo mmoja, na huo hapo mfukoni mwake. Kisha simu yake ikaita, akatoka nje kuongea, akawaacha watatu peke yao.

Walikuwa marafiki tangu utoto. Mshonaji angeolewa wiki ile, kwa mara ya kwanza, mvi zikiwa zimeshamwingia, na wenzake wawili, mwanamume mrefu waliyembandika jina Twiga na mwanamke msemaji waliyemwita Kasuku, walishikilia kwamba lazima kwanza azungushwe sehemu zao za zamani. Walishapita kwenye duka la mikate, ambalo sasa linauza simu, na kwenye ukuta wa shule walikokuwa wakikaa kuwasengenya wapita njia. Mwisho ikawa studio, ambako ujanani waliwahi kuigiza filamu moja isiyomalizika. Mchumba mwenyewe, fundi umeme, mtu wa maneno machache, alikuwa akiwangoja getini ndani ya gari.

Sebule waliyoigizia ilikuwa bado imesimama: plaiwudi iliyopakwa rangi ya kijani, kuta tatu tu, maana upande wa nne ndiko inakokaa kamera. Dirisha la kuchora. Mlango usiokwenda popote. Twiga aliinama kuikwepa taa ya darini kama alivyokuwa akifanya zamani. Kasuku, ambaye hajawahi kukaa kimya, alimtania bibi harusi kwamba wachumba waliomkimbia ni wengi kuliko magauni aliyoshona, huyu wa sasa afungwe kamba mpaka siku yenyewe.

Mshonaji alicheka, ila utani ulimchoma. Wote waliowahi kumposa waliondoka kwa namna moja. Hapakuwa na ugomvi wala mwanamke mwingine. Walisema tu kwamba wakiwa naye wanajiona kama wameingilia.

Kicheko kilimkauka alipokumbuka alichoigiza humu. Binti anaposwa na jini. Jini hakuwa na mwigizaji. Mwongozaji alisema sauti yake itatiwa baadaye, kwa hiyo binti akitazame kiti hiki, kikiwa kitupu, na aseme, mbele ya mashahidi wawili: nimekubali. Mashahidi walikuwa Twiga na Kasuku. Alilisema neno hilo vizuri mno. Mwongozaji akafumbua kinywa, akashika kifua, akaanguka, na hakuamka tena.

"Haya marashi ya waridi," Kasuku alinong'ona, "umejipaka wewe?"

Hakujipaka. Aligeuka ili watoke, na pale walipoingilia, pale ambapo hapajawahi kuwa na kitu ila nyaya na kamera, palikuwa na ukuta, wa rangi ileile ya kijani, wenye alama za vidole kuzunguka swichi kama ukuta wa nyumba iliyokaliwa na watu miaka na miaka, na Twiga alipousukuma kwa bega haukulia kama plaiwudi bali ulinyamaza kama jiwe, na walipomwita mlinzi sauti zao ziliwarudia zikiwa ndogo, zimechoka, na nyuma yao kile kiti kikatoa mlio, taratibu, kama kinavyolia kiti mtu mzito anapojiweka sawa baada ya kungoja sana.

"Umekawia, mke wangu."

Sauti ilikuwa ya upole. Huo upole ndio uliowatetemesha.

Mshonaji alikuwa mtu asiyekubali kupunjwa hata shibiri moja ya kitambaa, na sasa hasira ilimpandia juu ya woga. "Yale yalikuwa maigizo," alisema bila kugeuka. "Neno la kuigiza si ahadi."

"Maigizo huisha mtu akisema kata. Nani alisema?"

Walitazamana. Hakuna aliyelisema neno hilo. Mwongozaji alianguka, wao wakakimbilia maji na gari la kumpeleka hospitali, na tangu siku ile hakuna aliyefunga lile tukio.

"Sawa," alisema Mshonaji. "Kama tungali ndani ya tukio, basi mimi nilikosea neno. Na mwigizaji akikosea, anarudia. Simameni mahali penu."

Twiga akaenda upande wa kulia, mikono imekunjwa mbele kama alivyosimama zamani. Kasuku akaenda upande wa kushoto, akitokwa machozi bila sauti. Mshonaji akageuka akakitazama kiti. Mto wake ulikuwa umebonyea katikati, na juu yake hapakuwa na mtu.

"Sikubali."

Ule ukuta ukapasuka. Mwanga ukapenya upande wa nne, Twiga akawashika wote wawili mikono, wakatimka, wakampita mlinzi ambaye bado alikuwa na simu sikioni, akishangaa wamemaliza mapema hivyo, wakajitupa garini. Twiga mbele, kwa ajili ya miguu yake mirefu, wanawake nyuma, kila mmoja dirishani kwake. Fundi umeme akaondoa gari. Ndipo wakaanza kucheka, kicheko kibaya kisichokatika.

Kasuku ndiye aliyenyamaza kwanza.

"Twiga," alisema polepole. "Ulisema kata?"

Twiga alidhani amesema Kasuku. Kasuku alidhani amesema Twiga.

"Kata," Twiga akasema haraka. "Kata. Kata."

Gari lilikwenda. Harufu ya waridi ikaja kwanza. Kisha kiti cha nyuma, pale katikati palipokuwa wazi kati ya wanawake wawili, kikabonyea taratibu, na Mshonaji akasikia sikioni mwake, kwa upole uleule, neno moja: turudie.

Fundi umeme alitazama kioo cha ndani. Akapunguza mwendo, akaegesha gari kando, akabaki ameshika usukani.

"Samahani," alisema kwa aibu. "Sijui hata niseme vipi. Najiona kama nimeingilia."