Shali Aliyoifuma Shangazi

Jumamosi adhuhuri duka la nyuzi lilikuwa limefurika. Wanawake walibanana mbele ya kaunta, kila mmoja akipaza sauti kutaja rangi anayoitaka, na katikati yao alisimama mwanamume mmoja tu, mrefu, aliyevaa sare ya madereva wa gari la wagonjwa, akijifanya kama mtu aliyepotea njia. Macho yake yalikuwa kwenye donge la mwisho la uzi wa samawati. Akanyoosha mkono. Mkono mwingine, wenye madoa ya rangi kwenye kucha, ukafika wakati uleule.

"Kaka, huo wangu."

"Nimeugusa kwanza, dada."

"Wewe umeugusa, mimi nimeushika. Hayo ni mambo mawili."

Dereva akacheka bila kutaka. Mwanamke huyo alivaa jinzi pana iliyotapakaa rangi za kila aina, blauzi ya njano, na kilemba kilichokaa upande kana kwamba alikifunga huku anakimbia. Alikuwa mchora mabango. Mteja wake alitaka duka lipakwe samawati kama ile hasa, kwa hiyo alihitaji kipande tu cha kulinganishia.

"Cha urefu wa kidole kinanitosha. Lililobaki mpelekee mkeo."

"Sina mke."

"Basi nani anafuma?"

Wanawake wawili wakageuka kumtazama. Jasho likamchuruzika mgongoni.

"Shangazi," akasema.

Shangazi alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemtia sindano za kufumia mikononi akiwa na miaka tisa, wiki ileile alipomzika mama yake. "Shika hivi, mwanangu," alimwambia. "Lia tu, lakini usiangushe kitanzi." Alilia, akafuma, na tangu hapo hakuacha. Zipo siku alizorudi kutoka kazini masikio yakiwa bado yamejaa vilio vya watu aliowabeba, na wengine hawakufika hospitali wakiwa hai. Alioga, akakaa karibu na dirisha, akachukua sindano zake. Baada ya mistari mitatu mabega yalishuka. Baada ya kumi alijikuta akiimba. Wenzake kazini, waliompa kwa kejeli jina la King'ora kwa sababu ya ukimya wake, hawakujua lolote. Angewaelezaje?

Walibadilishana namba palepale dukani, eti kwa ajili ya uzi. Kesho yake simu ikalia.

"King'ora, uko wapi?"

"Nani kakwambia jina hilo?"

"Nilipita hospitalini kwenu kuulizia dereva mrefu anayecheka kwa shida. Wote wakakutaja wewe."

Mapenzi yao yakaanza hivyo, kwa utani. Dereva alimpelekea chakula ukutani alikokuwa akichora, akamshikia ngazi, akajifunza kwamba herufi ya S humtoa mchoraji roho. Naye mchoraji alimfundisha kutazama. "Hilo si jani la kijani tu, mpenzi. Hesabu kijani ngapi zimo humo." Jioni ile dereva alifuma kijani nne kwa mara ya kwanza, na furaha yake ilikuwa ya mtoto aliyepata kiatu kipya.

Zile kijani nne zikawa shali. Mchoraji aliifungua, akaizungusha mabegani.

"Miaka yote nawapamba wengine," akasema, macho yamelowa. "Sijawahi kutengenezewa kitu mimi. Nani kafuma?"

Ukweli ulifika mpaka mdomoni. "Shangazi," akasema tena.

Basi akajitia kitanzini mwenyewe, maana mchoraji alitaka kushukuru.

"Mpe shangazi simu."

"Amelala."

"Saa tano asubuhi?"

"Miguu inamsumbua."

"Kwani anapokea simu kwa miguu?"

Wiki tatu alimkwepa hivyo. Mwishowe mchoraji akachoka kungoja. Akachora sinia zuri la mbao, akalijaza maua, akalipeleka hospitalini ili dereva amfikishie bibi mgonjwa. Dereva alikuwa barabarani. Muuguzi wa zamu akalitazama sinia kwa mshangao. "Shangazi yake yupi? Mbona tulikwenda wote mazikoni?"

Dereva alikuwa amerudi, yuko chumba cha madereva na wenzake wanne wanaokunywa chai, simu ilipoita.

"Nijibu swali moja," sauti ya mchoraji ilikuwa imekauka. "Kule kwako kuna mwanamke gani anayefuma?"

"Hakuna mwanamke."

"Shali imejifuma?"

Neno lilikuwa moja tu: mimi. Wenzake walikuwa na vikombe hewani, masikio yamesimama. Akawatazama.

"Si unavyofikiri," akanong'ona.

"Shali hii ungempa mkeo." Simu ikakatwa.

Siku tisa hazikumpita, zilimkanyaga. Alipiga, haikupokelewa. Akaanza soksi, akafumua. Akaanza kofia, ikawa pana ya kuvaa ng'ombe. Mikono aliyoizoea ikawa kama ya kuazima. Asubuhi ya kumi alijiuliza kitu alichokuwa akikiogopa: hivi aibu hii inanilinda na nini, ikiwa imeshaniondolea mtu niliyempenda? Akatia uzi na sindano kwenye mfuko, akaenda.

Mchoraji alikuwa juu ya ngazi, akipaka ukuta wa duka la vyombo mbele ya kituo cha mabasi. Shali haikuwapo mabegani. Alimwona, akageuzia uso ukutani.

Dereva akasogea hadi chini ya ngazi. Akapindua ndoo tupu ya rangi, akaikalia akiwa na sare yake, akatoa sindano. Akaanza.

"Jamani, dereva wa ambulansi anafuma!" konda mmoja akapiga kelele. Watu wakajaa. Mmoja akauliza kama wagonjwa wamekwisha. Muuza mboga akainama kumchunguza, akasema, "Nyie chekeni, huyu ana mkono kuliko mimi." Masikio ya dereva yaliwaka moto, lakini vitanzi vilienda sawasawa, kimoja baada ya kingine.

Brashi ikasimama ukutani. Ngazi ikalia. Viatu vyenye rangi vikatua mbele yake, na mkono ukashika kile kipande, ukakigeuza nyuma na mbele.

"Ni wewe," mchoraji akasema polepole.

"Ni mimi. Shangazi alinifundisha, kisha akanitoka. Nikifuma napata amani, basi. Niliona haya kukwambia."

"Haya?" Sauti ikampanda. "Mwezi mzima namwombea marehemu miguu ipone! Siku tisa nalia, namwona mkeo hata usingizini! Kwa ajili ya sindano mbili?"

"Nisamehe, mpenzi."

"Sikusamehe leo." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akajipaka njano shavuni. "Nitakusamehe kidogo kidogo. Kesho uje tena na ndoo yako, kaa hapa niwe nakuona."

Akaja kesho, na keshokutwa, na kila siku ya mapumziko. Kazini wenzake walimcheka wiki moja. Wiki ya pili dereva mkubwa kuliko wote alimvuta pembeni, akamkabidhi sweta yenye tundu kwenye kiwiko amzibie.

Siku moja ya jua tulivu, mchoraji akiwa juu na dereva chini, sauti ikashuka kutoka ngazini.

"King'ora."

"Naam, mama."

"Kwetu sisi mimi ndiye ninayepanda ngazi na wewe ndiye unayefuma. Sasa nikikungoja wewe uniulize, si nitazeekea huku juu?"

"Nikuulize nini?"

"Hilohilo. Unanioa, hunioi?"

Sindano zikamponyoka dereva, zikabingiria hadi miguuni mwa muuza mboga. Alisimama, akaishika ngazi kwa mikono miwili kana kwamba ukuta wote ungeondoka.

"Shuka," akasema, akicheka waziwazi mbele za watu. "Shuka nikujibu nikiwa nimekushika."