Mkono wa Bibi Ndelilio

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tabitha alikata majani ya ng'ombe, akachota maji, kisha akaingia jikoni kumnywesha bibi yake uji. Alimnywesha kwa sababu tangu Bibi Ndelilio apatwe na kiharusi, mkono wake wa kulia ulilala pajani kama mkono wa mtu mwingine. Na huko kwao Old Moshi, mtoto mwenye adabu hakai akitazama mzee anahangaika. Bibi akigusa kisu tu, Tabitha ameshakipokea.

"Lete, bibi. Usijisumbue."

Majirani walimsifu, na sifa zile zilimwingia vizuri.

Mwaka huo, 2005, chuo kimoja cha afya mjini Moshi kilikuwa kinajiandaa kuzindua shahada mpya ya tiba kwa vitendo. Watu wa kijijini hawakuwa wakiijua tiba hiyo, mpaka siku alipopanda huko Mwalimu Eliufoo wa chuoni pamoja na mwanafunzi wake, Doris. Waliketi barazani kwa Bibi Ndelilio, wakapewa maziwa, wakaeleza.

"Sisi hatuchomi sindano, bibi, wala hatugawi vidonge," alisema Doris. "Tunamsaidia mtu aliyeumia arudie kazi zake mwenyewe. Kuvaa, kula, kupika. Wewe ungependa mkono huu ufanye nini?"

Bibi alifikiri kidogo. "Umenye ndizi. Nimemenya ndizi tangu nikiwa msichana. Siku hizi nakaa jikoni kwangu kama mgeni."

Doris akatoa kishikio cha mpira, kinene kama mpini wa panga, chenye taa ndogo ya kijani. Bibi alitakiwa akibane asubuhi na jioni. Kila akikibana, taa inawaka, na kishikio kinaweka kumbukumbu. Siku ya kupima, kitaunganishwa na kompyuta chuoni, na mchoro utaonyesha kama mkono unapata nguvu.

"Wanafunzi wa shahada hii watajifunza tiba pamoja na vifaa vya namna hii," alisema Mwalimu Eliufoo. "Mkono ukikubali, bibi, siku ya uzinduzi tutakuomba uje umenye ndizi mbele ya wageni."

Bibi akacheka. "Kumbe na mimi nitafundisha chuoni."

Lakini kukibana kile kishikio kulimuuma. Alikibana mara chache, jasho likamtoka, akakiweka chini, na usingizi ukamchukua palepale kwenye kigoda. Tabitha alimtazama akamwonea huruma. Akakichukua polepole, akaenda nacho nyuma ya zizi, akakibana yeye mpaka vidole vikachoka. Taa iliwaka bila matatizo. Kesho yake akafanya vilevile, na siku zilizofuata pia.

Jioni moja Gladys, mwanafunzi mwenzake, alimkuta huko.

"We Tabitha, unamkaba nani?"

"Namsaidia bibi mazoezi yake."

"Aisee. Basi siku ukiumwa malaria niite, nikunywee dawa." Gladys alicheka mpaka akashika ukuta wa zizi.

Tabitha akanuna. "Wewe hujawahi kuuguza mtu. Huwezi kujua."

Siku ya kupima ilipofika, gari la chuo lilikuja kuwachukua Tabitha na bibi yake. Doris alichomeka waya wa kishikio kwenye kompyuta, na mstari ukatokea kwenye kioo, unapanda kama barabara ya kwenda kwao.

"Bibi, huu mkono umeamka," alisema kwa furaha. "Tuache mpira sasa, tujaribu kazi yenyewe."

Akamwekea ndizi na kisu. Bibi alikishika kisu, kikaanguka. Akakiokota kwa mkono wa kushoto, akakipachika tena katika ule wa kulia. Kikaanguka tena. Doris aliutazama mstari, akautazama mkono, akamtazama mwalimu wake.

Bibi aliufunika mkono kwa kanga.

"Wanangu, nisiwapotezee muda," alisema kwa sauti ya chini. "Mashine haina sababu ya kunisingizia. Kama nguvu zipo na kisu bado kinaanguka, basi mkono huu umekwisha. Kifaa chenu mpeni mwingine mwenye bahati. Nashukuru mlinijali."

"Hatuwezi kukulazimisha, bibi," alisema Mwalimu Eliufoo. Alisikitika. Akanyoosha mkono ili achomoe waya.

Tabitha aliuona mkono ule ukielekea kwenye waya. Akinyamaza, watarudi nyumbani naye ataendelea kuitwa mjukuu mwema. Na bibi atakaa mgeni jikoni kwake mpaka mwisho wa maisha yake.

"Usichomoe, mwalimu," alisema. "Hizo nguvu ni zangu mimi."

Akasimulia yote huku machozi yakimtoka, na hakuweza kumtazama bibi yake usoni.

"Mae, Tabitha," alisema Bibi kwa mshangao. "Kwa hiyo mkono wangu haujashindwa?"

"Haujajaribiwa bado, bibi," alijibu mwalimu.

"Basi namshukuru Mungu. Mzigo umenitoka moyoni. Futa machozi, mjukuu wangu."

Wakaanza upya. Doris alileta kishikio laini zaidi, na Tabitha akapewa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kupewa nyumbani: kukaa karibu na bibi, kumtia moyo, na kutogusa kitu. Bibi alilalamika, alipumzika, akaendelea. Safari hii mstari ulipanda polepole mno, lakini ulipanda.

Siku ya uzinduzi wageni walijaa chini ya turubai katika uwanja wa chuo. Bibi Ndelilio alikaa mbele na beseni la ndizi. Katikati ya kumenya, kisu kiliteleza kikadondokea ndani ya beseni. Tabitha aliinuka nusu, kisha akaketi akaikalia mikono yake. Wageni walingoja. Bibi alipapasa, akakipata, akaendelea mpaka ganda la mwisho. Ndizi ilitoka na makovu kila upande.

"Imetoka mbaya," aliwaambia wageni, "lakini nimeimenya mwenyewe."

Makofi yalipoisha, Mwalimu Eliufoo alimwita Tabitha.

"Ulimpenda bibi yako," alimwambia, "ila ulimpenda kwa kumnyang'anya. Kipimo cha uongo kingemnyima mgonjwa tiba yake, na sisi tungedhani tumefanya kazi. Ukimsaidia mtu, mwachie sehemu yake aifanye. Na ukikosea, sema, kama ulivyosema. Tunakushukuru kwa hilo."

Bibi alimpa Tabitha ile ndizi.

"Asante, mama. Kaioshe hiyo," alisema, akavuta beseni karibu. "Hizi nyingine niachie."